Mkono Ambao Sikutaka Upone

Juzi akina mama wa kikundi chetu cha mtaani waliamua kujifunza kutengeneza mishumaa. Wakaleta nta, wakaiweka kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, na ilipoanza tu kuyeyuka mimi nikaaga. Nilisingizia kichwa. Mwenyekiti wetu akanicheka mbele ya wote, akasema kazi ikianza ndipo kichwa changu kinapouma, nikamwacha aamini hivyo kwa sababu kumweleza ukweli kungetumalizia mchana mzima. Harufu ya nta ya moto siwezi kukaa nayo chumba kimoja. Nikiinusa, vidole vya mkono wangu wa kulia vinaanza kujikunja na kujikunjua, na mimi natafuta mlango ulipo.

Ninyi mliokulia Kariakoo miaka ile ya foleni mnaukumbuka ule ukelele wa "Imekuja!" Hakuna aliyeuliza nini kimekuja. Ulikimbia kwanza, ukauliza ukishakuwa ndani ya mstari. Nilikuwa darasa la tatu, Bibi amenituma nikamshikie nafasi kwenye duka la ushirika, nimekaa juu ya kikapu changu kama nilivyoagizwa. Ukelele ukapigwa, watu wakasukumana, nami nikaanguka mbele nimetanguliza kiganja cha kulia, na mama mmoja mwenye mwili wake akaangukia juu yangu. Nilisikia kifundo cha mkono kikilia. Tulitarajia sukari, kumbe ilikuwa imekuja chumvi.

Hospitali ya serikali wakanipiga plasta, ile sisi watoto tukiiita muhogo, kutoka chini ya kiwiko mpaka vidole vinapoanzia. Wiki sita. Mama alilia, Bibi akasoma dua, majirani wakaja kunipa pole. Nikaitikia pole zao nimeinamisha uso, wasije wakaona kwamba nilikuwa nimefurahi.

Mimi ni mashoto. Nimezaliwa hivyo. Siku hizi mtoto mashoto anaachwa aandike anavyotaka na wazazi wanamsifu kwamba ana akili, lakini kwetu wakati ule ulikuwa ugomvi wa kila siku. Bibi yangu, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba na uwanja, kwani Baba alikuwa dereva wa malori, mara yuko Mbeya mara Songea. Nikinyoosha mkono wa kushoto kwenye sinia la wali, Bibi anaupiga kofi hata kabla haujafika. "Anayekula kwa huo ni shetani," alikuwa akisema, "na mimi sikumwalika." Nikimpa mgeni maji kwa kushoto, narudishwa mpaka mlangoni nianze upya. Shuleni mwalimu alikuwa na rula kwa ajili ya vifundo vyangu tu. Nilijifunza kuandika kwa kulia, herufi zinalala, zinaanguka, mstari unapanda mlima. Nilikuwa wa thelathini na kitu darasani na niliamini ni mjinga.

Basi muhogo ule ulikuwa ruhusa. Kwa wiki sita hakuna aliyeweza kuniambia kitu. Bibi mwenyewe alinisogezea chakula upande wa kushoto, akasema Mungu anajua udhuru wa mja wake. Mwalimu akaweka rula mezani. Niliandika! Herufi zilisimama wima kama watoto wa paredi, nikachora meli, nikachora bendera, nikachora kichwa cha mwalimu nikakifuta haraka. Kwenye nage nikawa mrushaji ambaye wenzangu walimgombea, maana mpira uliotoka upande ule hawakuuzoea na hawakujua kuukwepa. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile, na ilinitia wasiwasi usiokwisha, kwa sababu nilijua kuhesabu wiki.

Siku ya kukata plasta niliogopa mkono wangu mwenyewe. Ulikuwa mwembamba, ngozi inabanduka, unanuka. Kifundo hakikukunjika, na vidole vilifika nusu ya njia ya kufanya ngumi vikagoma. Tukapelekwa chumba cha mazoezi, mwisho wa korido, ambako alikuwepo mwanamke mmoja kijana kutoka Kilimanjaro, mwenye viatu vya raba na msalaba mdogo shingoni. Jina lake lilikuwa Dada Ndeshi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Leta huo mkono tusalimiane nao na wenyewe."

Akaushika, akaukunja kidogo, nikapiga yowe. Hakushtuka. Akachukua kipima pembe, kama kile cha hesabu shuleni lakini chenye mikono mirefu, akapima kifundo kinakunjika kiasi gani, akaandika namba kwenye kadi. Halafu akamwambia Mama, nami nasikia: "Mfupa umeunga vizuri. Lakini huu mkono usipofanyishwa mazoezi, utaganda hivi hivi. Akiwa mtu mzima hatafungua hata kitasa."

Mama akasema mungu wangu. Mimi nikawaza: utaganda! Ukiganda, Bibi atasema udhuru. Mwalimu atasema udhuru. Nitaandika kwa kushoto mpaka nife. Kitasa atanifungulia mtu mwingine.

Mtoto wa miaka tisa anaweza kuwa na roho ngumu kuliko askari. Niliamua palepale, nikiwa nimekaa kwenye kile kiti kirefu ambacho miguu yangu haikugusa chini, kwamba mkono huu hautapona.

Kila Jumanne na Ijumaa Mama alifunika cherehani yake, aliyoiweka barazani kwenye duka moja la vitambaa kule Mchafukoge, akaja kunichukua. Dada Ndeshi alikuwa na chungu cha umeme chenye nta iliyoyeyuka. Unachovya mkono, unatoa, unasubiri nta ikauke kidogo, unachovya tena, mara tano, mpaka unakuwa na glovu nyeupe nene. Anauviringisha kwenye nailoni na taulo, unakaa nao unawaka joto mpaka kwenye mfupa. Akiivua glovu anairudisha chunguni iyeyuke, na mimi niliamini ugonjwa unatoka nayo, unabaki ndani ya chungu pamoja na magonjwa ya watu wote waliochovya kabla yangu. Niliogopa kwamba nta ingeniponya kwa nguvu. Kwa hiyo ndani ya taulo nilikuwa nakaza mkono usiingie dawa.

Baada ya nta, mazoezi. Kunja, nyoosha, geuza kiganja juu, geuza chini. Kidole gumba kimguse huyu, kimguse huyu, kimguse huyu. Bana kibanio cha nguo. Kamua kitambaa. Niliumia kweli, hilo sikulidanganya, ila palipouma kidogo nililia sana, na palipouma sana nililia vilevile. Kisha kipima pembe. Nilidhani zile namba ni maksi kama za shule, na kwa mara ya kwanza maishani nilishindwa mtihani kwa kukusudia, nikaona fahari.

Nyumbani niliagizwa nitie mkono kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, halafu nikande donge la unga mara hamsini. Bibi ndiye aliyekuwa msimamizi. Alikaa kwenye mkeka, amenipa mgongo kwa sababu anachambua mchele mlangoni penye mwanga, akisikiliza. Nami nilihesabu. "Moja. Mbili. Tatu." Nilitia na pumzi za kujikaza katikati. Mkono wa kulia umelala pajani, wa kushoto unakanda unga. "Hamsini, Bibi."

"Ahsante, mke mwenzangu. Mungu atakuponya."

Niliona haya, lakini haya ya mtoto haidumu mpaka adhuhuri.

Wiki tatu zikapita. Dada Ndeshi akaanza kuiangalia kadi kwa muda mrefu. Ijumaa moja akamwambia Mama, "Sielewi. Pale pale alipoanzia. Nadhani wa kushoto unamharibu, unafanya kazi zote na wa kulia unakaa kama mgeni. Nyumbani jaribuni kuupumzisha kidogo wa kushoto, ili huu ulazimike."

Mama akalipeleka neno kama alivyopewa. Lakini neno la hospitali likifika kwa bibi yangu lilikuwa linakutana na akili zake. Kesho yake asubuhi alichana kanga kuukuu, akaubana mkono wangu wa kushoto kiunoni, akazungusha mara tatu, akafunga fundo mgongoni, akanivisha gauni juu. Mkono wa gauni ukaning'inia mtupu. "Kupumzishwa ndiyo huku," akasema. "Ningekufunga tangu una miaka miwili, tusingefika hapa."

Sijui kama mmewahi kufungwa mkono mnaoupenda. Niliwashwa mwili mzima. Sikuweza kukaa, sikuweza kulala, nilizunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikula kwa kulia, wali ukimwagika, na bado sikukanda unga. Sasa ilikuwa ni ubishi. Nilisema moyoni, tuone nani atachoka kwanza.

Siku ya tatu Bibi alinituma nimpelekee Mama chakula kule Mchafukoge. Akanitwisha bakuli kichwani, limefungwa vizuri ndani ya kitambaa. Mdogo wangu Sefu alikuwa na miaka minne, akaangua kilio anataka kunifuata.

"Nenda naye," Bibi akasema. "Mshike mkono. Barabarani usimwachie."

"Simwachii, Bibi."

Nikamshika kwa ule mmoja niliokuwa nao.

Pale Mtaa wa Msimbazi tulisimama tungoje magari yapite. Ng'ambo alikuwepo muuza ubuyu, na Sefu akamwona kabla yangu. Akavuta. Nikabana. Hili ndilo ninalotaka mlielewe, kwa sababu watu wote waliniuliza baadaye na hakuna aliyeelewa: nilibana. Kichwa kiliamuru bana, na vidole vikafunga nusu, vikakwama pale pale vilipozoea kukwama. Nilikihisi kiganja chake, chenye jasho, kinateleza, kidole baada ya kidole. Mkono wa kushoto ukaruka umdake. Niliusikia ukiruka ndani ya gauni, kanga ikakaza mbavu zangu, ukabaki pale.

Mkokoteni ulikuwa unashuka na magunia ya nazi. Mwenyewe alipiga kelele, "Njia! Njia! Mtoto!" lakini mzigo ule haukuwa wa kusimamishwa na mtu mmoja. Gurudumu likapita kwenye mguu wa Sefu.

Bakuli lilianguka saa ngapi sijui. Namkumbuka yule mvuta mkokoteni akimnyanyua Sefu kifuani, anakimbia naye, nazi zake kaziacha barabarani kwa yeyote anayetaka, na huku ananigeukia: "We mtoto, kwa nini hukumshika?"

Hospitali Mama alifika na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Sefu alikuwa ndani, tunamsikia. Mama akanishika mabega.

"Ulimshika au hukumshika?"

"Nilimshika."

"Sasa alitokaje?"

Dada Ndeshi alikuwa amesikia habari, akaja kwa viatu vyake vya raba visivyo na sauti. Akanitazama, akautazama ule mkono wa gauni uliokuwa mtupu. "Mkono mwingine uko wapi?" akauliza. Hakungoja. Akafungua vifungo mgongoni, akaikuta kanga. Sijawahi kumwona mtu mpole akikasirika vile. "Nani amemfunga mtoto huyu? Mimi nilisema mfungeni?" Mama akaweka mkono mdomoni. Yeye alikuwa anatoka alfajiri na kurudi usiku nimeshajifunika shuka, na mimi kwa ubishi wangu sikumwambia.

Dada Ndeshi alipiga magoti, akanipa vidole vyake viwili. "Nibane. Kama ulivyombana mdogo wako."

Nikabana kwa nguvu zangu zote. Akavichomoa bila taabu, taratibu, kama Sefu alivyovichomoa vyake. Hapo ndipo nilipovunjika. Nikasema yote pale koridoni, mbele ya watu wa foleni: kwamba sifanyi mazoezi, kwamba unga naukanda kwa kushoto, kwamba sitaki upone, kwa sababu ukipona nitarudishwa kuandika kwa kulia na mimi kwa kulia ni mjinga. Nilitegemea kofi la Mama. Mama hakunipiga. Aligeuka akautazama mlango alimokuwemo Sefu, na mpaka leo sijui alikuwa anafikiri nini kuhusu mimi kwa wakati ule.

"Nani kakwambia nataka mkono wa kuandikia?" Dada Ndeshi akasema. "Andika kwa unaoupenda, shauri yako. Mimi nataka mkono wa kushika mtu."

Sefu alivunjika mifupa miwili ya mguu. Aliunga, alitembea, ila kidole kidogo kilipinda na hakikurudi. Wiki zote alizolala na plasta, mimi nilikanda unga. Nilikanda mpaka Bibi aliyekuwa akinilazimisha akaniambia basi. Nilikamua nguo za uwanja mzima. Nilichambua mchele punje kwa punje, kidole gumba na kidole cha mwisho, nikilia kwa maumivu na nikiona ni halali yangu. Chunguni nilichovya mkono bila kuukaza. Kadi ikaanza kupanda, na kila namba ilipopanda Dada Ndeshi alinipa vidole vyake nibane, mpaka siku aliposema, "Aa, sasa unaniumiza," na akacheka.

Siku hiyo alichukua karatasi, akaandika kwamba mwanafunzi huyu, kwa sababu za kiafya, aandike kwa mkono wa kushoto. Akaenda ofisini kuigongea muhuri. Nilimuuliza mpaka lini. Akasema, "Tarehe ya mwisho nimesahau kuiweka." Ninyi mnajua nguvu ya muhuri wakati ule. Mwalimu aliisoma barua, akaigeuza nyuma, akaugusa muhuri kwa kidole kama anahakikisha wino, na rula ikaingia dawatini. Mwisho wa mwaka nilikuwa wa nne.

Nyumbani nilimwonyesha Bibi. Hakujua kusoma, lakini muhuri aliutambua. Akanirudishia. "Muhuri wa serikali haufiki kwenye sinia langu," akasema. Basi nikaandika kwa kushoto na kula kwa kulia, na ndivyo nilivyo hadi leo. Kuhusu kile kipande cha kanga alichonifungia, Bibi hakuniambia pole, wala hakujitetea. Alikikunja akakifanya tambara la kuepulia sufuria, na nilimwona miaka mingi akiepua nacho bila kukitazama. Nilimkasirikia kuliko nilivyomwambia, naye kafa sijamwambia. Na kila nikimkasirikia nafika mahali pale pale: kanga aliifunga yeye, lakini vidole vilivyomwachia mtoto nilivigandisha mimi.

Sefu anaishi Magomeni, ana wajukuu, na kidole chake anakitania. Anasema alikitoa kwa ajili ya taifa. Nikicheka ananiambia, "Dada, yamekwisha hayo." Kwake yamekwisha kweli, mtu yule hana kinyongo. Mimi bado nahangaika nayo. Kuna siku nikiwa kitini najikuta nabana ukingo wa meza, nikiupima mkono.

Wiki iliyopita nilivuka Msimbazi na mjukuu wangu wa miaka mitano. Pikipiki, bajaji, mikokoteni bado ipo. Nilimshika kwa mkono wa kulia, na siku zote namshika kwa huo, ingawa wa kushoto ndio wenye nguvu. Tulipofika katikati akaanza kujipindapinda.

"Bibi, unaniumiza."

"Najua," nikamwambia, na sikulegeza.